Kamera na Mtoto Avukaye Barabara

Kila siku ya masomo, kabla jua halijachomoza vizuri, watoto waliovaa sare hujipanga kandokando ya Barabara ya Kilwa, kuanzia Mtoni Mtongani hadi Mbagala Rangi Tatu na Kongowe. Wako wachache wanaosubiri basi la shule lenye rangi ya manjano. Wengine husubiri daladala. Wengine wengi hawasubiri chombo chochote. Huangalia kulia, huangalia kushoto, hushikana mikono, kisha huvuka. Mambo ni hayo hayo upande wa pili wa jiji, katika Barabara ya Bagamoyo, toka Mwenge kupita Tegeta hadi Bunju. Hapo katikati ya lami ndipo kanuni za fizikia, sheria ya nchi na mitambo ya kisasa vinapokutana. Hapo pia ndipo pa kupimia kama kamera zinazojiendesha zenyewe zitaweza kumlinda mtoto, au zitakuwa pambo jingine tu juu ya nguzo.

Wazo la kulizungushia basi la shule ulinzi wa kisheria limetoka mbali. Mwaka 1939 Frank Cyr, mwalimu wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, aliitisha mkutano mjini New York ili kuweka vipimo vya mabasi ya shule ya Marekani. Rangi ya manjano ilichaguliwa katika mkutano huo, kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka vyema katika mwanga hafifu wa alfajiri. Baadaye sheria za majimbo ziliwataka madereva wasimame basi linapowasha taa nyekundu na kuchomoza ubavuni kibao cha SIMAMA. Madereva wengi hawakusimama, na ndipo kamera ikafungwa katika ubavu wa basi lenyewe. Wazungumzaji wa Kiswahili waishio Ghuba wanaufahamu mtindo huo: katika Abu Dhabi, dereva akipitaye kibao hicho hutozwa dirhamu 1,000 na kuandikiwa alama 10 mbaya katika leseni yake.

Ni mtambo wa busara, na namna unavyofanya kazi haiwi ngumu kwa mwanafunzi wa sekondari. Kibao kinapochomoza, kamera huamka. Gari likipita, picha kadhaa hupigwa mfululizo, namba zake husomwa na programu ya kompyuta, na saa, tarehe na mahali huandikwa juu ya picha. Giza la alfajiri halizuii kazi hiyo, kwani taa ya miali isiyoonekana kwa macho humulika kibao cha namba, nacho huurudisha mwanga huo kwa kamera bila kumtia dereva kiwi.

Kamera ya kupimia mwendo huongeza jambo moja, nalo ni athari iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Chombo hurusha mawimbi ya redio yenye mitetemo ipatayo bilioni 24 kwa sekunde. Mawimbi yakigonga gari linalokuja, hurudi yakiwa yamebanwa kidogo, na mitetemo yake huongezeka. Ili kupata ongezeko hilo, zidisha mwendo wa gari mara mbili, kisha zidisha kwa mitetemo iliyorushwa, na ugawanye kwa mwendo wa mwanga, ambao ni meta milioni 300 kwa sekunde. Gari la kilomita 50 kwa saa, yaani takriban meta 13.9 kwa sekunde, hurudisha ongezeko la mitetemo kama 2,200. Gari la kilomita 30 hurudisha kama 1,300. Tofauti hizo hupimika kwa urahisi. Chombo hicho ndicho wananchi wa Tanzania wamekipa jina la tochi, na wanakijua vizuri mikononi mwa askari wa usalama barabarani, kama wanavyojua pia taa zinazowashwa na madereva kuonyana kwamba mbele kuna tochi.

Lakini mtambo uliobuniwa kwa ajili ya basi la shule umebeba ndani yake dhana moja: kwamba mtoto hufika shuleni kwa basi la shule. Dhana hiyo ni ya kweli kwa shule za kulipia, ambazo Coaster na Hiace zao huonekana zikikusanya watoto Mbezi Beach au Kijichi tangu saa kumi na moja alfajiri. Si ya kweli kwa shule ya kata ya Chamazi au kwa shule ya msingi ya serikali katika Tandika. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yamejaa watoto ambao wazazi wao hawana njia ya kulipia basi. Kamera iliyofungwa ubavuni mwa basi ingemfuata mtoto ambaye tayari amelindwa kuliko wenzake, na kumwacha yule anayetembea.

Hapana shaka basi la shule nalo lina hatari zake. Ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, ambapo basi lililochukua wanafunzi liliporomoka bondeni na watu 35 wakafa, wengi wao wakiwa watoto, ilililiza taifa zima, na tangu hapo macho ya wengi yamekuwa juu ya basi. Hata hivyo hatari ya aina ile haiondolewi na kamera inayowatazama madereva wengine. Huondolewa na ukaguzi wa breki, na idadi halali ya abiria, na dereva aliyelala usiku.

Yafaa basi kumtazama mtoto wa daladala, maana huyo hasemwi sana. Katika viwango vilivyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, mwezi Desemba 2023, mtu mzima alitozwa shilingi 600 kwa njia isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi shilingi 200. Nia ilikuwa njema. Lakini kondakta huhesabu kwa namna yake: kila mwanafunzi aketiye katika kiti ni shilingi 400 zilizopotea. Naye dereva ana deni la kila siku liitwalo hesabu, yaani fedha ambayo sharti ampelekee mwenye gari jioni, awe amepata abiria au hakupata. Kwa hiyo gari husimama mbali kidogo na kundi la wanafunzi, au halisimami kabisa, na watoto hulikimbilia. Wapo wavukao barabara wakikimbia kwa sababu ya gari ambalo huenda lisiwachukue. Hakuna mtambo wa kupiga picha uwezao kuiona hesabu. Hata hivyo hesabu ndiyo ikanyagayo mafuta.

Sasa na iangaliwe fizikia yenyewe, kwa kuwa ndiyo isiyobishana na mtu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, nayo humtaka dereva kumpisha mtu aliye katika kivuko cha waenda kwa miguu. Kilomita 50 husikika kama mwendo wa pole. Chukua dereva mwenye afya, anayehitaji sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, katika lami kavu, na gari lenye breki nzuri. Akiwa katika kilomita 30, atasafiri meta 8.3 kabla ya kukanyaga, kisha kama meta 5 nyingine hadi kusimama. Jumla ni meta 13 na kitu. Akiwa katika kilomita 50, atasafiri karibu meta 14 kabla mguu wake haujagusa breki. Maana yake ni kwamba mahali ambapo gari la kwanza limekwisha simama kabisa, gari la pili bado liko katika mwendo wake wote, halijapungua hata kidogo. Mtoto aliyesimama umbali wa meta 13.5 angenusurika na gari la kwanza, na angegongwa na la pili kwa kilomita 50 kamili.

Kwa sababu hiyo mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulitaka mwendo wa kilomita 30 uwe ndio kikomo mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika. Shirika la Afya Duniani nalo limesema mara kwa mara kwamba majeraha ya barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kamera iliyowekwa Mbagala leo ikitii kikomo cha kilomita 50 ingempitisha kwa amani dereva huyo wa pili. Ingemhesabu kuwa ni raia mwema.

Dar es Salaam yenyewe imekwisha kutoa somo lililo bora kuliko yote kuhusu jambo hili, na inashangaza kwamba halifundishwi mashuleni. Asasi iitwayo Amend ilizifanyia kazi shule za msingi za jiji zilizokuwa na hatari kubwa. Haikuanza na mitambo. Ilianza kwa kuwauliza watoto wapitapo, na mahali walipoumia; kisha ikajenga njia za miguu, matuta, vivuko vya milia na nguzo fupi za kuzuia magari, na pengine ikahamisha lango la shule kutoka barabara kubwa kwenda uchochoro wenye utulivu. Watafiti walilinganisha shule 9 zilizofanyiwa kazi hiyo na shule nyingine 9, wakichukua taarifa za maelfu ya watoto kabla ya kazi na mwaka mmoja baadaye, na matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Injury Prevention, yalionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa kiasi cha asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya miji iliyotolewa na World Resources Institute. Tuta la zege halihitaji umeme, halisomi namba, halipelekei mtu barua, na wala halimtofautishi mkubwa na mdogo. Tena humpunguza dereva mwendo kabla ya kosa, ilhali kamera humwadhibu baada yake.

Je, kamera haina kazi basi? Inayo, na hapa ndipo wapinzani wake wanapokosea. Tuta lina mipaka. Katika uchochoro wa Tandika hutosha. Katika Barabara ya Kilwa, ambako katikati zimejengwa njia za mabasi yaendayo haraka na pande zote hupita malori ya bandari na mabasi ya mikoani, tuta kubwa haliwezi kuwekwa kila penye mtoto, na matuta madogo yaitwayo rasta hutikisa gari zaidi ya kulipunguza mwendo. Kadiri barabara ilivyopanuliwa, ndivyo safari ya mtoto kuivuka ilivyorefuka. Na katika barabara ya njia nyingi kuna hatari moja mbaya kuliko zote. Daladala husimama kwenye milia kumpisha mtoto. Mtoto huanza kuvuka akiamini kwamba amepishwa. Gari la njia ya pili, ambalo dereva wake ameona mgongo wa daladala tu, hupita kwa kasi. Na kati ya magari hayo mawili hupenya bodaboda. Mtoto hakuonekana na wala hakuona. Askari mmoja hawezi kulishuhudia kosa hilo saa zote, na wanafunzi wenye vibao vya SIMAMA hawapaswi kuachiwa kazi ya kusimamisha lori. Kamera inayoutazama mlia wote kwa pamoja inaweza kulithibitisha kosa hilo: huyu alisimama, yule alipita, na mtoto alikuwa hapa.

Kamera za mwendo kwa jumla hazina sifa ya bure. Mapitio ya mwaka 2010 ya taasisi ya Cochrane, yaliyokusanya tafiti 35, yalikuta kwamba ajali karibu na kamera zilipungua kwa asilimia 8 hadi 49, na zile za vifo na majeraha makubwa kwa asilimia 11 hadi 44. Upana wa tarakimu hizo wenyewe unafundisha kitu: mtambo ni ule ule, lakini mahali na namna ulivyowekwa ndivyo vinavyoleta tofauti. Kamera moja iliyo peke yake humfanya dereva apunguze mwendo mbele yake na kufidia akishaipita. Kamera mbili zilizotengana kilomita moja, zinazopima muda uliotumika kati yake, haziwezi kudanganywa kwa njia hiyo, kwa kuwa zinapima wastani. LATRA nayo ina mfumo unaofuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa satelaiti. Haikosi kuwa njia kama hiyo ingefaa pia kwa daladala na mabasi ya shule, ambayo hubeba roho zile zile.

Majirani wamekwisha kuonyesha namna ya kukosea. Mwezi Juni 2025 Uganda iliwasha mfumo wa adhabu za kamera unaojiendesha wenyewe. Adhabu ilikuwa shilingi za Uganda 200,000 kwa aliyezidisha mwendo hadi kilomita 30, na 600,000 kwa aliyezidisha zaidi ya hapo. Wananchi walilalamika kwamba faini ni kubwa na kwamba katika sehemu nyingi dereva hakuwa na njia ya kujua kikomo ni kipi. Baada ya muda mfupi, mwezi huo huo, serikali ikausimamisha ili kuupitia upya. Mfumo ulioanzishwa kwa ajili ya uhai wa watu ulisimama kwa sababu ya vibao vya barabarani na kiasi cha faini. Funzo kwa Temeke na Kinondoni ni la mpangilio wa kazi: kikomo cha kilomita 30 mbele ya shule kiwe katika sheria kwanza, kibao chake kisomeke toka mbali, milia ipakwe rangi upya, na miezi kadhaa ya onyo lisilo na faini ipite. Kamera ije mwisho.

Tena liko suala la nani atalipa. Kamera huona namba, haimwoni mtu. Barua ya faini ikimfikia mwenye daladala, ataiongeza juu ya hesabu ya dereva, naye dereva atakimbia zaidi ili kuifidia. Hapo mashine itakuwa imeongeza mwendo iliyotumwa kuupunguza. Faini ya shilingi 30,000 iliyozoeleka kwa makosa ya barabarani imekwisha kuwa kama ushuru kwa baadhi ya madereva; inaumiza mfuko kwa siku mbili, kisha husahauliwa. Alama katika leseni ya dereva, pamoja na masharti juu ya leseni ya usafirishaji ya mwenye gari, zingegusa pande zote mbili kwa haki zaidi. Kuhusu pikipiki, ambazo namba zake huwa nyuma tu na mara nyingi zimepindwa au zimejaa tope, kamera itazamayo magari yakija ni kipofu. Ni afadhali jambo hilo lisemwe mapema kuliko kuwaahidi wazazi ulinzi usiokuwapo.

Usahihi wa chombo ni suala la haki vilevile. Kamera hufungwa pembeni, kwa hiyo huliona gari kwa mshazari, na mwendo inaoupima ni sehemu tu ya mwendo halisi. Kwa pembe ya digrii 25, gari la kilomita 50 huonekana kama la kilomita 45. Fundi huingiza pembe hiyo katika hesabu ya chombo ili kuisahihisha, na akiikosea, mtu asiye na kosa aweza kuhukumiwa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta ili mnunuzi asipunjwe. Kipima mwendo nacho ni mizani, na kinachopimwa ni jina la mtu. Kingestahili kukaguliwa na mkono usio wa yule akusanyaye faini, na cheti chake cha ukaguzi kiwe wazi kwa kila atakayeshitakiwa.

Na picha za watoto je? Kamera ya kivuko cha shule itanasa nyuso za mamia ya wanafunzi kila asubuhi, saa wapitazo, na wanaofuatana nao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imekwisha kuweka msingi. Lililobaki ni kuitumia: picha isiyo na kosa ifutwe siku hiyo hiyo, na katika picha yenye kosa uso wa mtoto ufichwe. Programu za kufanya hivyo zipo.

Walimu wa fizikia na hisabati hawana haja ya kusubiri mitambo hiyo ifike. Wakiwa ndani ya uzio wa shule, au juu ya njia ya miguu iliyo salama, wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kupima kwa futikamba meta 50 sambamba na barabara, wakaweka alama mbili, na wakahesabu kwa saa ya simu muda ambao kila gari hutumia kati ya alama hizo. Gari lililotumia sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Lililotumia sekunde 3.6 linakwenda 50. Lililotumia sekunde 2 na robo linakwenda 80. Magari 100 ya asubuhi na 100 ya saa ya kutoka shule yanatosha kuchora jedwali na kupata wastani. Jedwali hilo, likiwa na tarehe, jina la shule na sahihi ya mwalimu mkuu, lipelekwe TARURA kama barabara ni ya mtaa, au TANROADS kama ni barabara kuu, pamoja na mchoro wa mahali watoto wanapovukia. Ofisi itakayoulizwa kwa nini hapo hapana tuta, au kwa nini hapo pasiwe na kamera, itakuwa na tarakimu mbele yake za kujibu.